Arobaini na Tano Kamili

Jumatatu, 12 Mei
Imefika! Mashine ya kukatia pembe, meno sitini, nimeipakata kwenye bodaboda kutoka Kona ya Musa kama bibi harusi. Miaka kumi na moja ya ufundi, hakuna aliyenishika mkono. Ukiiweka digrii arobaini na tano, inajifunga yenyewe. Mbao mbili zikikutana, tisini. Hesabu haina ubishi. Bi Hanifa wa Galu ataka mbao zizungushwe chini ya kuta, vyumba sita, katika nyumba yake ya mawe ya zamani. Mafundi wawili tutajaribiwa chumba kimoja kimoja. Mshindi apewe vinne vilivyobaki. Mpinzani wangu? Swabir wa Mwabungo, mwenye msumeno wa mkono! Nilicheka hata Twaiba, mke wangu, akanigusa paji la uso.

Jumanne, 13 Mei
Mazoezi. Vipande ishirini, vyote safi. Kinga ya diski ilinizibia mstari, nikaifunga juu kwa kamba. Kipande cha ishirini na moja kilikuwa cha sentimita nane tu. Nikakishika kwa vidole. Mashine ikakinyakua. Kikaruka ua, kikatua ndani ya wali wa jirani, Bi Mbodze. Vidole kumi. Nimevihesabu mara mbili. Twaiba alisema kinga irudi mahali pake au mashine irudi dukani. Kinga imerudi.

Alhamisi, 15 Mei
Siku yenyewe! Miwani usoni, ubao umebanwa kwa klampu, diski isimame kwanza ndipo niinue. Mikato laini kama sabuni. Saa nne asubuhi nimemaliza kukata; Swabir bado anapapasa ukuta. Ana vibanzi viwili vilivyoshikwa na msumari mmoja: anavipanua kwenye kona, anachora pembe ubaoni, anaigawa nusu kwa nusu. Nilimuuliza kama anaipima kona au anaiposa.

“Ukuta huu ulijengwa kwa macho, ndugu yangu,” akasema. “Uulize kwanza.”

Kuuliza ukuta! Nikapigilia zangu. Kona nne, mianya minne. Nikaijaza gundi na unga wa mbao.

Ijumaa, 16 Mei
Baada ya swala. Nikampa Bi Hanifa shikamoo. Akaitikia marahaba, akachuchumaa, akachomeka ufunguo kwenye mwanya. Ukazama mpaka shingoni. Kwa Swabir hata unywele hauingii: kona ya digrii tisini na nne, amekata arobaini na saba. Bi Hanifa ni muungwana. Nikirekebisha chumba changu kufikia kesho kutwa jioni, atatugawia viwili viwili. Swabir akataka kuniazima vibanzi vyake. Nikashukuru, nikakataa. Mimi sikufika hapa kwa vya kuazima.

“Baba Issa,” Twaiba akaniambia, “mashine inakata unachoiambia. Iambie arobaini na saba.”

Wanawake na hesabu!

Jumapili, 18 Mei
Nimepata jawabu! Mashine haikukosea. Hesabu haikukosea. Aliyekosea ni ukuta. Tangu alfajiri niko Galu na patasi na nyundo, nachonga kona hadi guniya, kipimo changu cha pembe, ikubali tisini. Ya kwanza: ndoo saba za chokaa, lakini imekubali! Ya pili imekubali. Ya tatu imetoboka. Nauona mpapai wa jirani. Bi Hanifa yu njiani kutoka Msambweni. Nitamwambia hilo ni dirisha, na kwamba silitozi. Nimelipima: pembe zote nne, tisini kamili.