Malalamiko ya Mbuzi Thelathini na Wanne Waliofungwa Bila Kosa

Rumonge, tarehe mbili Mfungo Tatu

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma, Usumbura.

Bwana wangu,

Salamu nyingi zitangulie, uchungu ufuate. Mimi ni Abdulhamid bin Kassimu, mchuuzi wa mbuzi na kondoo hapa Rumonge, nisiyejulikana kwa ugomvi ila na wateja wachache. Daktari wako wa wanyama amewafungia mbuzi wangu thelathini na wanne, niliowavusha kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa, ndani ya ua wa miiba. Anasema watakaa humo siku ishirini na moja. Idi ya kuchinja ni siku nane zijazo! Ikishapita nimuuzie nani, samaki? Nimeumia sana, na sababu zangu ni hizi.

1. Wanakohoa. Sikatai. Lakini wamerushiwa maji ya ziwa siku mbili. Hata mimi nilikohoa, na hakuna aliyenifungia.

2. Makamasi. Askari anayelinda ua anawashinda mbuzi wote kwa makamasi, naye ndiye aliyenifokea, "Mbuzi yako iko mugonjwa, usikaribie!"

3. Saba wamekufa. Mikononi mwangu walikufa watatu tu. Wanne wamefia kwa daktari. Mwenye akili ataona kwamba kinachoua ni ua.

4. Mzee Amuri wa Kigwena. Aliwapokea mbuzi wangu zizini mwake kwa wema, wakalamba chumvi pamoja na wake. Sasa zizi lake limebaki kamba tupu, naye ananitangaza mpaka Muhuta kwamba nimemletea maradhi. Nani aliyeyaona maradhi yakihama? Mbuzi wake walikuwa wazima kabisa, na wazima ndio wanaougua. Mgonjwa ataugua nini tena?

5. Daktari anasema ugonjwa huu husafiri kwa pumzi. Basi kwa haki afungiwe yeye kwanza, maana kila asubuhi anaweka sikio mbavuni mwa mbuzi wangu, kisha anakwenda kupumua sokoni. Afungiwe askari. Ifungiwe mitumbwi. Ziwa nalo lizungushiwe miiba, angalau upande wetu. Kama kazi hiyo ni kubwa, njia fupi ni kuufungua ua.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama mpaka kiuno kinauma. Wateja wangu Mwanvua, Hadji na Chausiku nimekwisha kuwaahidi kila mmoja mbuzi asiye na dosari, kama dini inavyotaka. Nikiwakosesha, sitapita tena mbele ya msikiti. Aibu hiyo naiogopa kweli.

Nisalimie makarani, wapishi, na askari wote wenye afya. Daktari pia msalimie; sina kinyongo naye ila hiki cha barua.

Ni mimi mtiifu wako,
Abdulhamid bin Kassimu

Nyongeza: Nasikia boma lina mbuzi wake, waliokaguliwa na daktari huyo huyo. Tafadhali niuzie mmoja. Idi hii nachinja kwa ajili ya mama yangu, Bi Batuli, aliyenusurika na homa kali, na mnyama mgonjwa hafai kwa Idi. Siwezi kumdanganya Mungu, wala mama. Anayemleta apite njia ya mlimani, asikaribie kabisa ule ua wa mbuzi wangu.