Twita Zilizobandikwa kwa Ugali

Mwenzenu leo nimeaibika mchana kweupe, hapa hapa Nachingwea, na mashahidi wapo. Naandika mwenyewe mapema kabla vijana wa bodaboda hawajaniwahi, maana wale wakisimulia wataongeza na mkia.

Banda letu la redio za gari mnalijua, lile la karibu na stendi. Mwenye banda ni Kaka Bakari. Mimi ufundi sijasomea popote. Nilianza kwa kufungua redio ya baba (hakufurahi), nikaendelea na video za kwenye simu, na Bakari ndiye mtu wa kwanza kunipa bisibisi badala ya ufagio. Kwa hiyo ukimgusa Bakari umenigusa mimi. Na mimi nikiguswa, mnanijua.

Leo asubuhi Bakari kaenda Ruangwa kufuata waya. Kaniachia banda na neno moja tu.

"Zai, usitoboe gari la mtu mpaka nirudi."

"Sawa kaka."

(Nilisema sawa. Mungu shahidi.)

Saa tatu hivi likaingia gari dogo jeupe. Akashuka Mzee Hemedi, mkulima wa ufuta kutoka Kiegei, shati limenyooshwa hadi linakata. Kiti cha nyuma amekaa dada yake, Bi Somoe, kapu mapajani. Ndala zake kaziacha chini, nje ya mlango, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu. Nikachungulia ndani. Loo! Sakafu ya gari wameitandika mkeka wa ukindu, umekatwa vizuri kufuata umbo. Nikacheka kimoyomoyo. (Nicheke tu. Zamu yangu ilikuwa njiani.)

"Fundi yupo?"

"Shikamoo mzee. Fundi ndio mimi."

"Marahaba. Namaanisha fundi mwenyewe."

"Mzee, unamuona mwingine hapa?"

Akanitazama kuanzia raba zangu mpaka kilemba. Akahema. Akaanza kueleza.

Mama yao alifariki mwaka juzi. Alikuwa manju, ndiye aliyekuwa anaongoza nyimbo kwenye harusi za kule kwao. Kabla hajaondoka, mjukuu mmoja kutoka Dar alimrekodi kwa kimashine kizuri, harusini, uani kwao. Rekodi ni hiyo moja tu. Kwenye simu anasikika kama mbu. Basi Mzee Hemedi alivyovuna ufuta akanunua redio ya maana, spika na twita, akaenda kufungiwa Ruangwa. (Twita ni vile vispika vidogo kama kizibo cha soda. Sauti zote nyembamba zinatokea humo: njuga, kikohozi, mtu akivuta pumzi.) Fundi wa huko kampachikia chini kabisa mlangoni, jirani na kanyagio.

"Sasa mama ananiimbia miguuni," Mzee akasema. "Mama yangu mzazi! Nikishika breki naona kama namkanyaga."

Nilitaka kucheka. Nikamwangalia usoni, nikaacha.

"Nimesema nijaribu mara moja ya mwisho. Ikishindikana nang'oa vyote nampa mtu. Heri nisimsikie kabisa kuliko kumsikia hivi."

Nikapanda mori kwa niaba yake. Miguuni! Mama wa watu!

"Mzee, umefika. Kaka Bakari ana kanuni. Twita zinakaa juu ya dashibodi, huku moja na huku moja, zote zinamtazama dereva masikioni. Kwisha kazi."

Nikachukua drili.

Sauti ikatoka kiti cha nyuma. "Unatoboa kabla hujasikia?"

"Bi mkubwa, Bakari hajawahi kukosea."

"Huyo Bakari alimjua mama?"

"Hakumjua, ila twita anazijua."

"Haya. Mimi twita sizijui, mama namjua. Nilikuwa nampigia ngoma, nasimama mkono wake wa kushoto. Alipokuwa anasimama yeye napajua."

Kwa kumnyamazisha tu, nikazing'oa zile twita mlangoni, nikaunga nyaya ndefu, nikazishika kwa mikono juu ya dashibodi, Mzee kakaa usukani. Tukawasha, pale wimbo ulipokolea. Mzee akakunja uso kama kalamba ndimu.

"Yuko kulia huku. Anafoka sikioni kama mpiga mnada."

"Utazoea, mzee."

"Mama yangu nimzoee?"

Bi Somoe akafunua kapu. Chakula chao cha njiani: kisamvu, na ugali wa muhogo uliopoa. Mnaujua ugali wa muhogo ukipoa. Ule ukishika umeshika, hata ukuta unaweza kujengea. Akafinyanga matonge mawili, akatoka kwenye gari, akanipokonya twita moja, akaibandika kwenye nguzo ya kioo cha mbele. PA! Ikaganda.

Jamani. Ugali. Kwenye kazi ya Bakari!

"Bi mkubwa! Hapa ni banda la ufundi, sio kwa mama ntilie!"

"Tonge linabanduka, mwanangu. Tundu lako linabanduka?"

Na mimi nikikosa jibu huwa naongeza sauti. Nikasema, na vijana wa bodaboda wote walioegesha hapo wakasikia, "Huyo mama akisikika vizuri kwa ugali, naula! Wote! Hata huo ulioshika twita!"

"Kasema! Kasema huyo!" Shabani wa bodaboda kashaacha pikipiki yake. "Dada Zai, tukuletee mboga kabisa?"

"Nenda kapakie abiria huko!"

Hakuna aliyeenda kupakia abiria.

Bi Somoe akaanza kazi. Anabandika, anamwambia kaka yake afumbe macho. "Yuko wapi?" "Kapanda juu ya paa." Anabandua. Anabandika kwingine. "Sasa yuko wapi?" "Kulia, kwa majirani." Anabandua tena. Mwisho akafika kwenye ile pembetatu ya plastiki, pale kioo cha pembeni kinaposhikia mlango, kila upande na twita yake. Halafu akafanya kituko: ile ya upande wa dereva akaigeuza imtazame abiria.

"Bi mkubwa, umeigeuza vibaya!"

"Huyu wa karibu ana mdomo. Asimwambie dereva kila kitu, amwachie na mwenzake aseme."

Hapo hapo Bakari akashuka kwenye bodaboda, bunda la waya begani. Nikamkimbilia kama mtoto aliyepigwa shuleni.

"Kaka! Waambie kanuni! Waambie twita zinakaa dashibodi!"

"Kanuni gani?"

"Yako! Si ulizifunga hivyo kwenye ile pikapu ya magunia!"

Bakari akanitazama. Akauweka waya chini taratibu.

"Zai. Ile pikapu haikuwa na milango ya maana. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa kamba. Ningezibandika wapi, kwenye kamba?"

(Nimegombana na mafundi watatu mtandaoni kwa ajili ya ile kamba. Mmoja nimemfungia kabisa.)

Vijana wakashangilia. Bakari akainama, akakagua ule ugali kwa kidole, akazungumza na Bi Somoe kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona kitu. Kisha akanigeukia.

"Kaa kwenye usukani. Funga macho. Sikiliza wewe, uamue wewe."

Nikaingia. Na raba zangu. Bi Somoe akaziangalia.

Nikafumba macho huku nimenuna. Nimeshaandaa na maneno: "Hamna kitu hapa." Redio ikawashwa, safari hii rekodi tangu mwanzo.

Mwanzoni kimya. Kisha upepo. Kisha jogoo, mbali, kushoto, tena nje kabisa ya gari, ng'ambo ya banda letu. Nikadhani ni jogoo wa kweli. Watoto wakapita wanacheka toka huku kwenda huku. Njuga zikatikisika kulia, ngoma ikagongwa mara moja kushoto, ya kujaribu, nikaisikia mpaka ngozi yake.

Washikaji, siwezi kuwaeleza vizuri. Redio ilitoweka. Dashibodi haikuwepo. Kioo cha mbele kikafunguka ikawa uwanja, uwanja wa mtu, umefagiliwa, una watu wamekaa. Nimefunga spika sijui ngapi mimi, za kutikisa mabati, na sijawahi kusikia mahali. Nilikuwa nasikia kelele tu. Leo nimesikia mahali! Mikono yote ikasisimka. Nikasahau kununa.

Halafu katikati kabisa, mbele yangu, usawa wa uso wangu, mtu akakohoa kidogo. Akavuta pumzi. Mama mtu mzima. Ningenyoosha mkono ningeshika kanga yake.

Akasema, kwa ukali:

"Wewe binti! Ndio, wewe! Viatu kwenye mkeka?"

"Samahani mama! Navua!"

Nimesema kwa sauti! Tena ile sauti ya adabu, ya kwa mama mkwe! Nikainama kuvua, paji la uso likatua kwenye honi. PAAAAAAP! Nikavua ya kulia, nikavua ya kushoto, nikafumbua macho.

Nimezikumbatia raba kifuani. Nyuso zimejaa dirishani.

Kisha vicheko vikalipuka. Shabani alikaa chini, chini kabisa, kwenye vumbi. Mwingine akakimbia mpaka barabarani akarudi. Bakari kashika nguzo ya banda, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Bakari wangu! Niliyempigania!

Mzee Hemedi ndiye pekee ambaye hakucheka. Alisimama dirishani kwangu, kofia mkononi.

"Maneno hayo yapo kwenye rekodi siku zote," akasema. "Kila nikiwasha anauliza. Leo ndio kajibiwa."

Bi Somoe akaongeza, "Aliyeambiwa siku ile alikuwa mtoto wa jirani. Hakuvua yule. Wewe umevua."

Nikatoka, miguu peku. Mzee akaacha viatu vyake chini, akaingia, akakaa, akafunga mlango. Wimbo ukaanza. Tulimsikia mama kupitia dirishani, lakini tulijua Mzee ndiye anayemsikia hasa. Alikaa anatazama mbele pale katikati, hapo hapo nilipotazama mimi, na mdomo wake ukaanza kuitikia. Bi Somoe akawa anagonga bati la mlango kwa vidole, upande wa kushoto. Wale vijana wa bodaboda, ambao hata kwenye mawaidha msikitini hawanyamazi, walinyamaza mpaka wimbo ukaisha.

Mzee akashuka, akajifuta uso kwa kofia. "Zibaki hapo hapo. Zisisogee hata unywele."

Bakari akachora kwa penseli, akanipa drili mimi. Nikatoboa pale pale palipokuwa na tonge, nikageuza kama Bi Somoe alivyogeuza, nikakaza. Tukawasha tena. Mama yupo, kasimama palepale. Nikamgeukia Bi Somoe.

"Mama, samahani kwa yale ya mama ntilie."

"Nimekusamehe," akasema, na mkono kaunyoosha. Kwenye kiganja, matonge mawili. "Kula."

"Mama..."

"Ulisema wote. Hata ulioshika twita."

"Kasema! Tulisikia!" Shabani huyo, kashafufuka.

Nimekula. Hadharani, nimesimama peku, na kisamvu alichonimegea kwa huruma. Ule ugali ulikuwa na vumbi, ladha ya plastiki, na unywele ambao sijui ni wa nani. Bakari akaniuliza kama una chumvi. Sijamjibu mpaka sasa hivi. (Kesho nitamjibu. Yeye ni Bakari.)

Haya, chekeni basi, mimi nimeshachoka kukasirika leo. Ila Mzee Hemedi akikupa lifti kwenda Kiegei, vua viatu kabla hujaingia. Mama yupo, na anaangalia mkeka.