Chupa ya Kasumidake kwa Mkwe wa Kobe

Jumamosi, 8 Juni

Leo saa nne asubuhi nimepoteza chupa yangu ya wiski, Kasumidake ya miaka ishirini na mitano. Haikuibwa. Haikuanguka. Mke wangu ameimimina yote kwenye mtungi wa plamu.

Kila Juni Fusae huloweka plamu mbichi kwa sukari mawe na pombe nyeupe ya dukani, kama wake wote wa mtaa wetu hapa Higashi-Osaka. Mwaka huu plamu zilizidi, pombe ikapungua. Akapiga magoti, akachungulia chini ya sinki, nyuma ya ndoo, akakuta chupa imevalishwa soksi yangu ya zamani. Alidhani nimeificha kwa kuona aibu, kwamba ni ya bei rahisi.

Nikamwuliza kwa nini hakuniita. Akasema nilikuwa kiwandani nahesabu skrubu, na baba Chizuru akihesabu skrubu haitwi. Kisha akanifariji: itakuwa tayari Juni mwakani, tena tamu sana.

Kiwanda cha Kasumidake kilishafungwa. Haitengenezwi tena. Na Jumapili ijayo, saa sita mchana, tunakutana Kobe na wazazi wa mchumba wa Chizuru, binti yetu wa pekee. Baba wa kijana, Daktari Ushijima, alinipigia simu mwezi uliopita kunisalimu. Salamu zikanoga, nikajikuta nimemwambia nitakuja na Kasumidake ya ishirini na tano. Akasema hajapata kukutana na mtu aliye nayo. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemsikiliza mgonjwa akijieleza.

Chizuru alikuwa pembeni. Akaniomba: "Baba, siku moja tu. Siku hiyo moja usijigambe." Nikamwambia kujigamba ni kwa asiye nacho. Mimi ninacho, kiko chini ya sinki.

Sasa sina. Nimeanza kwa skrubu za kuokota, nikajenga kiwanda, na nitaingia kwa wakwe kama mwongo.

Jumapili, 9 Juni

Nimejaribu kuichuja. Kichujio cha kahawa, kitambaa, kichujio tena. Ilitoka safi, rangi ya kaharabu, nikapata tumaini. Nikaonja. Plamu. Nikarudisha mtungini kabla Fusae hajaamka. Alikuwa ameshaamka, amesimama mlangoni. Akachukua kitambaa. Kumbe ni cha kufutia uso.

Nikapiga simu duka kubwa la Umeda. Ipo. Lakini ni kwa bahati nasibu, na matokeo Septemba. Nikauliza waombaji wangapi. Elfu kumi na tisa. Chupa? Tatu. Nikafanya hesabu, nikaacha katikati.

Kwenye mnada ipo pia, kwa bei ya mashine mbili za kukatia nyuzi za skrubu. Sinunui. Si ubahili. Ni kanuni: kitu kizuri hununuliwa kwa mtu asiyejua uzuri wake. Ndivyo nilivyopata kiwanja.

Mpango basi. Maduka ya pombe ya shamba, kule pwani ya Shimane, ambako wazee wamekaa na chupa rafuni tangu ujana wao na hawasomi bei za mtandaoni. Naondoka kesho.

Fusae amesema kaka yake atanisindikiza. Sikuomba.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji Yasuhira alikuwa mkuu wa stesheni hadi alipostaafu. Kazi yake sasa ni kupanda treni bila sababu. Alikuja na chakula cha boksi, kofia, na mto wa shingo. Mimi nilikuja na ramani ya maduka, nimeyapanga kwa umri wa wenyewe, wazee mbele.

Kutoka Okayama kuendelea alinitajia kila handaki kwa jina. Nilimweleza sheria zangu: usitaje neno wiski, usitazame rafu, usimpende mwenye duka. Akajibu, "Sawa, shemeji," akalala.

Tumefika Hamada mvua inanyesha. Maduka matano. Mawili yamefungwa kwa kudumu. La tatu linauza chakula cha paka. Katika la nne mama mwenye duka alitupatia chai, akatuambia Kasumidake alimpa daktari wake alipopona nyonga. La tano limefungwa kwa leo tu. Nilichungulia kwenye kioo, nikazuia mvuke kwa mkono.

Rafu ya juu. Boksi la bluu. Ishirini na tano.

Sitalala.

Jumanne, 11 Juni

Nimeharibu. Naandika taratibu ili nijue niliharibu wapi.

Mwenye duka ni mzee Sakoda, mgongo umepinda, macho hayajapinda. Mlangoni kuna karatasi: HATUUZI KWA WALANGUZI. Nikaingia kama mtu wa kawaida. Nikanunua mchuzi wa soya. Nikanunua samaki wakavu. Nikanunua tena mchuzi wa soya. Halafu, kama aliyekumbuka jambo dogo, nikamwuliza lile boksi kuukuu la juu ni kitu gani, maana mke wangu anatafuta chochote cha kulowekea plamu.

Mzee aliniangalia kama niliyemwomba jeneza nipandie maua.

"Kulowekea plamu," akarudia.

Nikasema ndiyo. Lipo tu linakula vumbi, namsaidia kupata nafasi.

"Bwana," akasema, "ile sikuuzii hata ukiniletea mlima wenyewe ulioipa jina."

Akaingia nyuma, akarudi na galoni la plastiki la wiski ya kupikia, lina mpini. Akaniambia plamu hazina macho, zitalowa humo humo.

Nifanye nini? Nikisema ukweli, kwamba najua thamani yake, mimi ni mlanguzi. Nikinyamaza, mimi ni mtu wa plamu. Nililipa. Nimetembea mji mzima wa Hamada na galoni, kila mtu ananipisha.

Shemeji alikuwa amekaa stesheni, anatazama treni ya mizigo. Akauliza kama nimepata. Akaliona galoni, akasema, "Naona umepata nyingi."

Jumatano, 12 Juni

Nimemtuma shemeji. Sikuwa na mwingine. Duka halinijui isipokuwa kwa ubaya, yeye bado ni mgeni safi. Nikamfundisha sentensi: ni zawadi kwa mkwe, itanywewa kwa heshima, tafadhali. Nikamfanya airudie mpaka treni mbili zikapita. Akaingia saa nne.

Saa tano hajatoka. Saa sita nilisogea, nikasikia kicheko. Nikasogea tena, nikasikia mlio wa kengele ya stesheni ukiigizwa kwa mdomo, na mzee Sakoda akiitikia kwa filimbi.

Alitoka saa nane, mashavu mekundu, mikono mitupu.

Baba yake mzee Sakoda alikuwa akichochea makaa kwenye treni za mvuke za njia ile ile. Shemeji akamtajia injini kwa jina. Mzee akapanda ngazi mwenyewe, kwa mgongo ule, akalishusha boksi. Shemeji akasema sentensi yangu, neno kwa neno. Mzee akamwambia zawadi kwa mkwe ni kitu cha kukaa kabatini, na yeye amechoka kuona kitu kizuri kikikaa. Akaifungua.

Nikamwuliza shemeji wamebakisha kiasi gani. Akafikiri. Akasema mzee ana jirani, naye aliitwa.

"Ilikuwaje?" Nilijichukia kwa kuuliza.

"Shemeji," akasema, "ulikuwa na haki ya kulia."

Hata hivyo amerudi na habari. Mzee aliwahi kuuza chupa mbili tu kama ile. Moja ilikwenda Masuda, mji wa jirani, kwenye baa ndogo ya Mama Kikuno, imewekwa na mteja aitwaye Hatanaka, mpima ardhi. Kibao cha jina lake kinaning'inia shingoni mwa chupa, kama ilivyo desturi, akirudi aendelee kuinywa. Hakuwahi hata kuigusa. Alihamishiwa mbali, miaka mingi sasa.

Chupa nzima. Na mwenyewe hayupo.

Alhamisi, 13 Juni

Mpango ni rahisi, ndiyo maana ni mzuri. Nitaingia jioni. Nitasema mimi ni Hatanaka. Nitachukua kilicho changu na kuondoka. Uso wa mtu hubadilika kwa miaka, na mpima ardhi nani anamkumbuka? Shemeji amekataa kuingia. Anasema atakula tambi kando ya stesheni, na kwamba nikikamatwa nisimtaje.

Ijumaa, 14 Juni

Jana nilisukuma mlango saa moja jioni. Viti vinane. Mama Kikuno alikuwa anapangusa bilauri. Ana umri wangu, nywele zimefungwa juu. Nikaiona chupa papo hapo. Nikasema, "Mama, nimerudi. Mimi Hatanaka."

Alinitazama kwa muda mrefu. Bilauri ikasimama mkononi.

"Umepungua," akasema.

Nikasema kazi. Akasema, "Pole sana, baba, kazi imekupunguza mpaka urefu." Akaishusha chupa kwa mikono miwili, akaiweka mbele yangu. Nikaishika. Kibao kilikuwa baridi kwenye vidole vyangu. Nikainuka, nikamshukuru, nikasema nitaichukua nyumbani.

Akacheka kwa upole. Umekaa mbali mno, akasema, umesahau hata desturi ya nyumba hii. Chupa ya hapa hunywewa hapa. Kisha akainua simu.

Walikuja. Muuza samaki na aproni yake. Kinyozi. Watu wa ofisi ya mji, bado na vitambulisho shingoni. Mwalimu mstaafu na mkewe. Waliopata viti wakakaa, waliobaki wakasimama ukutani. Wote wakaniinamia. Kinyozi akauliza kama bado nakunywa kwa mkono wa kushoto. Nikasema bado. Usiku kucha nilitumia mkono wa kushoto, nikammwagia muuza samaki gotini.

Na nani humimina? Mwenye chupa. Nilimimina mwenyewe, bilauri kwa bilauri, huku nikihesabu. Kila mmoja alinipa kumbukumbu yangu. Nilimsaidia huyu kupima mpaka wa shamba, akashinda kesi dhidi ya kaka yake. Nilimbeba mama wa yule mgongoni wakati wa mafuriko. Niliimba vibaya. Wakaniomba niimbe, nikaimba vibaya, mke wa mwalimu akafuta macho.

Mtu hajimiminii. Anangoja mwenzake ammiminie. Niliwamiminia wote, ndipo kinyozi akasema sasa zamu ya Hatanaka, akaichukua chupa, akaiinamisha kwenye bilauri yangu. Likatoka tone. Likaning'inia mdomoni mwa chupa. Likabaki huko huko.

Leo asubuhi Mama Kikuno amenifuata stesheni na mwavuli niliousahau. Shemeji akajifanya anasoma ratiba. Nikafungua mdomo nimwombe radhi. Akawahi.

Hatanaka amefariki, alisema, miaka sita sasa. Walipata kadi kutoka kwa dada yake. Hakuna aliyethubutu kufungua chupa ya marehemu, na hakuna aliyethubutu kuitupa. Kila Mwaka Mpya waliitazama. "Tulikuwa tunangoja Hatanaka yeyote," akasema.

Akainama sana, akanishukuru, akasema naimba vibaya kuliko yeye.

Nikamwuliza kama naweza kupewa hata chupa tupu. Akasema hapana. Imeshavalishwa kibao chake.

Tumepanda treni ya kurudi. Nimelinywesha wiski ya miaka ishirini na mitano kundi la watu wa Masuda, na bado harufu yangu ni ya mchuzi wa soya.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemweleza Chizuru yote kwa simu. Plamu, galoni, marehemu. Nilitegemea anikaripie.

Badala yake akaniambia baba wa Kenshin, mchumba wake, hanywi kabisa. Ini. Aliniambia Aprili. Akaniambia tena Mei. Mara zote mbili nilimjibu "enhe."

Akaniomba nije mikono mitupu. Nimweleze daktari habari za plamu, kama zilivyo, basi. "Sitaki wakuogope, baba. Nataka wakupende. Hicho huwezi kukinunua njiani."

Nimeahidi. Na nimemaanisha. Mtu wa miaka yangu anaweza kubadilika akielezwa vizuri.

Jumapili, 16 Juni

Kobe, saa sita. Chumba cha juu cha mkahawa, bahari haionekani kwa mvua. Nikakaa, nikainama, na kabla supu haijaja nikasema ukweli: Daktari, nilikuwa nayo, mke wangu ameilowekea plamu.

Alicheka mpaka akavua miwani. Mkewe akamwomba Fusae vipimo vya sukari. Kenshin akaniita baba, mara ya kwanza. Chizuru alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu alipokuwa anajifunza baiskeli na mimi nimeshika kiti nyuma. Sikuwa na kitu mkononi, na walinipenda.

Alifika samaki wa kuchoma. Daktari akasema baada ya kuacha pombe amepata ugonjwa mwingine: samaki wa dhahabu. Hasa wale wa Tosa, kule Kochi, ambao mkia wao umekunjuka kama ua. Amewatafuta miaka mitatu. Wafugaji wazee hawamuuzii mgeni. Hajapata kukutana na mtu aliye nao.

Nikasikia mtu anasema anao wawili nyumbani. Dume na jike.

Sauti ilikuwa yangu.

Chizuru aliweka vijiti vyake mezani, sambamba, taratibu. Daktari akashika mkono wangu kwa mikono yote miwili. Jumamosi hana wagonjwa. Atakuja kuwaona.

Wakati wa kuagana Chizuru aliwainamia wote. Mimi alinipita. Fusae kwenye treni ameniuliza jambo moja tu, samaki hao wako chini ya sinki ipi.

Lakini wazee wa Kochi hawawezi kuwa wagumu kuliko Sakoda. Ni suala la kumtuma mtu anayefaa. Nimemwandikia shemeji ujumbe, naunakili hapa asije akasema hakuelewa:

"Shemeji. Treni ya kwenda Kochi kesho asubuhi, tunabadilisha Okayama. Wewe utaongea na wafugaji, mimi nitabeba ndoo. Usiniulize kwa nini, usimpigie dada yako, usiniambie habari za mahandaki. Unakuja au huji? Nataka neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya saa tatu usiku huu."