Jibu Ni Nne

Jumatatu, 5 Februari
Leo nimejitia matatani mwenyewe. Papa Prefe, mkuu wa shule yetu, ametangaza kwamba baada ya ziara ya inspekta mwalimu mmoja atahamishiwa Niemba: ama mimi, ama Mama Evodie wa fizikia. Mke wangu Fortunée amekwisha kusema hatoki Kalemie. Basi niende peke yangu. Mimi, nisiyejua kusonga bukari! Kwa hiyo Prefe alipouliza nani atashika hesabu ya darasa la nane mpaka mwalimu wake Augustin arudi kutoka matanga huko Kongolo, nikajitolea, nionekane wa lazima hapa. Mimi ni mwalimu wa historia.

Jumanne, 6 Februari
Milinganyo. Herufi na namba zimechanganywa makusudi kututesa. Katika daftari la Augustin: x + 3 = 7, jibu nne. 2x = 8, jibu nne. Akili ikanijia. Nimetunga mingine kumi, yote ya nne. Darasa zima linaitikia kwa sauti moja: nne. Wakiuliza imetokaje, ninawaambia wakatafute nyumbani. Evodie alichungulia dirishani, akauliza kama namba nyingine nazo zimekwenda matanga. Wivu tu.

Alhamisi, 8 Februari
Inspekta kafika. Akachukua chaki, akaandika mlinganyo wake: 3x + 5 = 20. Darasa likaitikia: nne. Akaiweka nne mahali pa x. Ikatoka kumi na saba, si ishirini. Jasho! Nikajiona Niemba, mbele ya sufuria iliyoungua. Ndipo Chantal, binti mkimya wa mbele, akainuka. Akasema tuondoe tano pande zote mbili, ibaki 3x = 15; tugawe kwa tatu, x ni tano. Inspekta akamuuliza nani kamfundisha.

“Hakuna, Papa Inspekta. Mwalimu anatupatiaka jibu tu. Njia, njo tunatafuta sisi wenyewe ku nyumba.”

Nikafumba macho. Inspekta akaandika, akaandika, kisha akanipa mkono. Akasema hiyo ndiyo mbinu ya kisasa, mwanafunzi kujigundulia. Nilicheka peke yangu njia nzima. Fortunée amenikaangia samaki, kuhe mzima, na nimekula mpaka kichwa.

Ijumaa, 9 Februari
Evodie ndiye anayekwenda. Kumbe aliomba mwenyewe tangu Oktoba, mama yake anaishi huko. Sikuwa hatarini hata siku moja! Nikashusha pumzi. Prefe akauliza nani atashika fizikia. Nikasema mimi.

Nimemwomba Evodie aniachie majibu kabla hajafunga mizigo. Njia abaki nazo mwenyewe.