Kilomita Mia Nne za Uani

Hakuna mtu aliyewahi kuendesha baiskeli kilomita mia nne bila kupata pancha hata moja, isipokuwa Bingwa! Pancha angeitoa wapi, na gurudumu la nyuma linazunguka hewani?

Bingwa, karani wa masjala, alikuwa ameifunga baiskeli yake kwenye stendi ya chuma uani, kati ya pipa la maji na kamba ya nguo. Kila asubuhi alipanda, akakanyaga pedali mpaka jasho likamchuruzika, huku kidude cha usukani kikihesabu kilomita. Kisha alioga, akafunga tai, akavaa kofia ngumu ya baiskeli, akaenda kazini. Kwa basi!

"Baiskeli imenipa maana ya maisha," aliwaambia wenzake ofisini, kofia ingali kichwani. "Ukiwa barabarani peke yako ndipo unajijua wewe ni nani."

Barabara ipi? Miaka arobaini na tatu, Bingwa hakuwahi kujifunza kuendesha, na sasa aliona haya kuanza. Lakini raha ya pale uani ilikuwa ya kweli. Kutwa nzima alipiga mihuri mafaili ya watu. Ile nusu saa tu ndiyo alijiona mtu anayekwenda mahali.

Kilichomponza ni baba mkwe. Mzee huyo alikuwa tarishi mstaafu, aliyesambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini, na kwa miaka kumi na moja alimwita mkwewe "yule wa mafaili." Roho ikimuuma, Bingwa akamtumia picha ya kidude: namba peke yake, stendi haionekani.

Jumamosi mzee huyo mlangoni, na baiskeli yake!

"Mwanangu! Kilomita mia nne! Kumbe binti yangu alipata mwanamume. Toa chombo, twende mpaka darajani."

"Shikamoo, baba. Leo goti kidogo..."

"Marahaba. Goti litapona njiani."

Mke wa Bingwa alikuwa akianika mashuka. Alikwenda tu kuondoa soksi alizokuwa amezianika kwenye usukani.

Bingwa angeweza kusema ukweli. Ila lile neno "mwanangu" alikuwa amelingojea miaka kumi na moja! Akafungua stendi, akapanda, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Miguu ilikuwa imeiva kweli. Usukani ndio haukuwa na habari! Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikapita katikati ya mashuka, na Bingwa, kafunikwa gubigubi, akamvaa baba mkwe mzima mzima. Wote chini!

"Baba," sauti ikatoka ndani ya shuka, "mimi sijui kuendesha."

"Na zile kilomita?"

"Za hapa hapa uani."

Mzee alicheka mpaka akashikilia ukuta. Kisha akajipangusa vumbi.

"Inuka. Nitakushikia tandiko."

Saa nzima walihangaika barabarani, majirani wakishangilia. Mwishowe Bingwa akatoka mlangoni kwake mpaka kwa fundi cherehani bila kuanguka. Alishuka machozi yakimlengalenga.

"Umeona, baba? Ulipoachia, nikaenda mwenyewe!"

"Niachie?" Mzee alikuwa akihema, mkono bado kwenye tandiko. "Mwanangu, ningeachia, sasa hivi tungekuwa hospitali."

Wakaikokota baiskeli mpaka uani. Mkewe akairudishia soksi zake.