Salamu za Diski Thelathini na Mbili

Jumatatu, 2 Machi 1998
Miaka thelathini na minne tangu nihame kwetu Faza, kisiwani Pate. Saba tangu nikabidhiwe ufunguo wa chumba cha seva, katika kampuni yetu ya kutoa mizigo bandarini, Kilindini. Ndicho chumba pekee chenye kiyoyozi. Na huu ni Machi, Mombasa!

Stima zilikatika mara mbili. Kila inapoamka, seva hutaja diski zake zote thelathini na mbili, kila moja mistari mitano: nipo, jina langu hili, ukubwa wangu huu. Skrini ni kongwe, huandika polepole, na seva haifunguki mpaka imalize. Dakika ishirini na mbili! Madereva wa malori wanapiga honi. Meneja wetu, Bi Truphosa, amesema nisipopunguza maneno hayo kufikia Ijumaa, ufunguo utakwenda kwa fundi Bramwel. Bramwel! Miaka ishirini na sita, kalamu nne mfukoni.

Jumanne, 3 Machi
Naielewa seva hii. Faza pia mtu haanzi shughuli kabla hajamjulia hali kila aliyeketi barazani. Lakini ufunguo ni wangu. Nimeifunika skrini kwa leso ya Mejumaa, karani wa mapokezi. Dakika ishirini na mbili zile zile. Mejumaa akauliza, "Babu, seva umeitawisha kama mwari?" Ofisi nzima ikacheka.

Jumatano, 4 Machi
Ushindi! Kitabu cha seva kinataja ngazi saba za ukimya. Nimechagua ya mwisho: isitamke lolote. Bramwel alitaka ya kati, yaani diski zilizo nzima ziandikwe kimya kwenye faili, na mgonjwa tu ndiye aseme kwenye skrini. Nikamwambia yeye mtu wa bara, salamu hazijui. Kwetu hata mgonjwa husema hajambo.

Dakika tatu! Bi Truphosa akanipigia makofi. Jioni, mihogo ya kukaanga ufukweni Mama Ngina, pilipili na ndimu. Nilijisikia liwali.

Alhamisi, 5 Machi
Seva kimya. Baridi tamu. Taa ndogo nyekundu imewaka kwenye diski ya tisa. Ilinisumbua usingizi, nikageuza kiti.

Ijumaa, 6 Machi
Diski ya tisa ilikuwa imekufa tangu jana. Leo ya kumi imeifuata. Moja ingevumilika. Mbili zimeondoka na hati za meli nzima! Kontena sitini hazitoki. Bramwel aliuliza kama seva haikusema kitu. Nikajibu kwamba ilikuwa haijambo.

Ufunguo umekwenda. Kiti changu kiko kwenye ujia, karibu na jiko la chai.

Jumamosi, 7 Machi
Bramwel ameweka ngazi yake ya kati. Dakika tatu. Diski ya ishirini ilipougua ikasema mstari mmoja tu, naye akaibadilisha kabla ya chai ya saa nne. Bahati ya mgeni.

Bi Truphosa alikuja kunijulia hali. Shati limenigandama mgongoni, macho yanawasha kwa moshi. Akasema kwa upole, "Mzee wangu, kiri tu kwamba ulikosea. Kiti kitarudi kwenye baridi leo hii."

Nikamwambia mimi sijambo kabisa, na hapa kuna upepo.

Mejumaa akasema upepo huo unatoka kwenye jiko.

Chumbani sirudi.