Mkono Unaopumzika

Jumatatu, 5 Septemba 1949. Nachingwea.
Nimepanda cheo! Asubuhi Bwana Kofia, yule Mmarekani fundi wa matrekta asiyevua kofia hata akila, amesoma majina ya timu ya besiboli, mchezo wa kwao. Mrushaji wa kwanza: Seleman wa Ruponda. Yaani mimi! Sing'oi tena visiki vya shamba la karanga. Napokea mshahara kwa kurusha mpira. Tarehe 17 tunacheza na kambi ya barabara ya Ruangwa. Linus ni mrushaji wa pili. Wa pili anakaa benchi na kutunza debe la maji. Nimempa pole. Akachukua debe, akaondoka. Wivu!

Kazi yenyewe naijua tangu utotoni. Miaka saba nililinda mihogo ya baba kwa kurusha mawe, na nyani wote wa Ruponda wananifahamu. Tofauti ni kwamba nyani hashiki gongo. Huku mtu anasimama na gongo la mninga, mimi namrushia. Akikosa mara tatu, ametoka. Nikirusha pembeni mara nne, anakwenda bure mpaka gunia la kwanza kati ya manne; anayeyazunguka yote anapata alama moja. Basi.

Bwana Kofia amenionya: mkono wa kulia upumzike, usifanye kazi nyingine. Nimeazima kanga ya dada, nimeufunga.

Jumatano, 7 Septemba. Nandagala.
Balaa! Nimekwenda kumposa Biasha mara ya tatu, pamoja na Mikidadi, mdakaji wangu, ambaye ndiye mshenga. Mwenye neno pale ni mjomba wake Biasha, Mzee Isihaka. Nimemwamkia vizuri, nimeinama mpaka kiuno kikalia. Mzee akanyoosha mkono. Nikampa wa kushoto. Wa kulia si unapumzika?

Mzee akaurudisha mkono wake. Ukaja ugali na kisamvu. Nikala kwa kushoto. Mikidadi akanikanyaga mguu, mimi nikadhani anataka nafasi, nikasogea. Mzee akauliza ni kazi gani inayomfanya Mwislamu ale kwa mkono wa chooni. Nikasema ya kurusha mpira. Akasema hata nyani wanarusha, lakini hawaji kuomba mke.

Nilimsikia Biasha nyuma ya mlango. Sijui alikuwa analia au anacheka.

Kuna baya zaidi. Salimu wa Nanganga, mwenye ghala la ufuta, naye ameposa. Mzee atatoa jibu Jumapili tarehe 18, na kwa mtu ambaye hajaiona kazi yake kwa macho hatoi mtoto. Tarehe 18! Siku moja baada ya mchezo. 

Ijumaa, 9 Septemba.
Linus anafanya mazoezi kila jioni. Anarusha vizuri, Mungu amsamehe. Nikiondolewa kwenye nafasi ya kwanza, nitamwonyesha Mzee kazi gani? Visiki? Glovu ya kudakia iko moja tu, ya ngozi, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Bila glovu hakuna mazoezi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Nimeificha stoo, chini ya magunia ya karanga.

Jumamosi, 10 Septemba.
Magunia yamepakiwa alfajiri, yamekwenda Lindi. Glovu nayo. Sasa Mikidadi anadakia kwa mto wake wa sufi. Kiganja kimevimba. Anamshuku Linus. Sikumbishia.

Jumanne, 13 Septemba.
Nimepata njia! Ruangwa wamepungukiwa mtu, mmoja ana homa. Nimedandia lori mpaka kwa msimamizi wao, nikamwambia Nandagala kuna mzee mmoja mwenye nguvu za ajabu, Isihaka. Mzee akishika gongo atasimama mita chache tu mbele ya kazi yangu. Nitamrushia mpira mlaini, ataupiga, atafurahi, watu watamshangilia. Mkwe akifurahi, nani atamkumbuka Salimu?

Alhamisi, 15 Septemba.
Mzee amekubali! Nasikia anapiga mapapai mabichi uani kwa mchi wa kutwangia. Shangazi wa Biasha amekasirika, mchi umepasuka.

Jumamosi, 17 Septemba.
Mchezo umekwisha.

Jua lilikuwa kali, tukakubaliana raundi mbili tu. Raundi ya mwisho, sisi tuna mbili, Ruangwa wana moja. Watu wao wawili wako kwenye magunia. Wamebakiwa na nafasi moja ya kutolewa. Na anayekuja na gongo ni nani? Mzee Isihaka! Biasha amekaa upande wa wanawake, ameng'ata ncha ya kanga.

Nikarusha wa kwanza, taratibu kama ninayempa mgonjwa yai. Mzee akakosa. Watu wakacheka. Mimi nimemfanya mkwe wangu achekwe mbele ya watu! Jasho likanitoka. Wa pili nikaurusha taratibu zaidi. Gongo likamzungusha, kofia yake ya kushonwa kwa mkono ikaanguka. Vicheko mpaka barabarani.

Akikosa tena, ametoka, na aibu yake ni yangu. Nikaamua kurusha pembeni mara nne, aende gunia la kwanza na heshima zake. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Mzee akashusha gongo, akanitazama. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia nirushe kama mwanamume. Bwana Kofia naye anapiga kelele. Kule benchi Linus ameshasimama, anazungusha bega.

Mpira ninao, ule wa Ruponda, unaomshusha dume la nyani tawini. Kidole kilikuwa kimeshaushika. Sikuweza! Nikalenga gongo lenyewe.

Lo, shabaha! Mpira ukaligonga gongo pwaa, ukaruka visiki, ukapotelea vichakani. Wale wawili wa kwenye magunia wakaingia. Mzee hakukimbia, alitembea magunia yote mikono nyuma, kama anakagua shamba. Nne kwa mbili. Tumefungwa. Nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

Bwana Kofia akavua kofia. Ana upara, kumbe. Linus ndiye mrushaji wa kwanza.

Jumapili, 18 Septemba.
Mikidadi amerudi na jibu. Nimekwisha.

Mzee alikuwa amemwahidi Biasha tangu Ijumaa kwamba nikimtoa mchezoni, kazi yangu atakuwa ameiona, na Biasha ataolewa nami. Mimi nikampa mipira miwili ya kulishia kuku, mitatu ya porini na mmoja wa kumgongea gongo. Anasema aliona kila kitu, yeye hakupiga mpira, mpira ndio uliompiga. Mtu anayeidanganya kazi yake atamdanganya na mkewe.

Biasha amelia. Safari hii kilio chenyewe, Mikidadi amekiona. Nami nimelia, na siandiki zaidi kuhusu hilo.

Lakini Biasha amemwomba sana mjomba wake. Basi Salimu ameambiwa asubiri mpaka mvua za kwanza. Mimi niende Nandagala nikalime shamba la Mzee, naye akae pembeni anitazame. Hataki maneno wala werevu. Anataka kuuona mkono wa kulia ukifanya kazi.

Jumatatu, 19 Septemba. Njiani.
Nimeaga. Linus alinipa mkono, nikakataa, si kwa chuki, kwa tahadhari.

Maana kosa langu nimeligundua. Mkono ulipumzika siku kumi na mbili tu! Ungepumzika mwezi, ule mpira wa Ruponda ungetoka. Na jembe ni zito kuliko mpira. Leo nimeufunga kwa kanga mbili tangu alfajiri, jembe nimebeba kwa bega la kushoto, na haya nayaandika kwa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala.

Nimekaa kwenye gogo, Nandagala naiona. Mzee Isihaka ametoka kunipokea njiani, Mungu ambariki, na Biasha yuko nyuma yake anatabasamu. Mzee ameshanyoosha mkono. Naweka kalamu, nimpe wa kushoto.